Mhasibu wa Bristol Aliyeweka Leja ya Vimondo

Desemba ya mwaka juzi, usiku wa kuamkia tarehe 14, nilitandika mkeka uani kwa shangazi yangu, Pangani, nikaweka pembeni chupa ya chai ya tangawizi, daftari, tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, na ufito mmoja ulionyooka wenye urefu wa mkono wangu. Shangazi alitoka kuangalia kama lango limefungwa, akasimama akinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, huo ufito ni wa nini usiku huu, na kuku wote wamekwisha kulala?" Nilimjibu kwamba ni wa kupimia vimondo. Alicheka, akanikumbusha maneno ya marehemu bibi, kwamba kimondo ni kijinga cha moto ambacho malaika humrushia shetani anayenyemelea kusikiliza habari za mbinguni, na kwamba mtu mwenye akili akikiona hujikinga kwa Mungu wala hakinyoshei fimbo. Kisha akaingia ndani akaniacha na anga yangu.

Ufito ule sikuubuni mimi. Niliuazima kutoka kwa William Frederick Denning, Mwingereza aliyefariki mwaka 1931, ambaye kwa zaidi ya nusu karne alisimama usiku katika mji wa Bristol akisubiri vimondo vipite, na kila kilipopita alikiandika. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda sasa, na nakiri kwamba sababu ya kwanza iliyonivuta kwake haikuwa vimondo. Denning alikuwa mhasibu, na baba yake alikuwa mhasibu. Mimi pia ni mhasibu, nimekula chumvi ya leja na vocha kwa miaka kumi na tisa, na nilipokutana na habari za mtu wa kazi yangu ambaye jina lake limepewa kreta moja kwenye Mwezi na nyingine kwenye Mirihi, nilitaka kujua alifikaje huko.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1848 katika jimbo la Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, na angali mtoto familia yake ikahamia Bristol, mji ambao hakuuhama tena hadi kufa kwake. Hakusomea falaki chuoni wala hakuajiriwa na kituo chochote cha kuchunguza anga. Katika zama zake Uingereza ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo, waliofanya sayansi kwa mapenzi baada ya saa za kazi, lakini wengi miongoni mwao walikuwa makasisi wenye nyumba kubwa, mawakili, au wenye viwanda walioweza kujijengea kuba la darubini bustanini. Denning hakuwa na mali hiyo. Alikuwa na bustani ya nyumba ya kawaida ya mjini, macho mazuri, na anga ya Bristol ambayo, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya nchi ile, hufunikwa na mawingu usiku mwingi kuliko inavyoachwa wazi.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Novemba 1866, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka kumi na minane, Ulaya ilishuhudia mvua ya vimondo vya Leonidi, vile vinavyoonekana kutoka upande wa kundinyota la Simba, ambapo waangalizi walihesabu maelfu kwa saa. Mwaka huohuo Mwitaliano Giovanni Schiaparelli alionyesha kwamba vimondo vya Agosti, yaani Perseidi, husafiri katika njia ileile ya nyotamkia iliyoonekana mwaka 1862. Kwa ghafla vimondo vilitoka katika daraja la vitu vya kustaajabisha vikaingia katika daraja la vitu vya kukokotolewa: kumbe ni vumbi na changarawe zilizoachwa njiani na nyotamkia, na Dunia huzipitia kila mwaka kama gari linalopita kwenye wingu la vumbi la barabara ya kijiji. Kwa kijana aliyekuwa ameanza tu kutazama juu, wakati haungeweza kuwa mzuri zaidi.

Miaka iliyofuata aliitumia kama kijana yeyote mwenye bidii na asiye na mkubwa wa kumzuia. Mwaka 1869, akiwa na miaka ishirini, alishiriki kuanzisha chama cha waangalizi wasio wa kulipwa, yeye akiwa katibu wake na mweka hazina pia (jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kuwa mhasibu ndani ya chama). Aliwapanga wenzake kulitazama Jua kwa zamu wakiitafuta sayari iliyodhaniwa kuwa ndani ya njia ya Utaridi, ambayo wanasayansi wa wakati huo waliipa jina la Vulcan. Hawakuiona, kwa sababu haipo. Chama chenyewe hakikuishi sana.

Mwaka 1871 alipata darubini aliyodumu nayo, yenye kioo cha kipenyo cha inchi 10, sawa na sentimita 25 hivi. Kioo hicho kilisuguliwa na George With, mwalimu wa shule katika mji wa Hereford, ambaye baada ya vipindi alitengeneza vioo vilivyosifiwa kote nchini. Kwa darubini hiyo Denning alifuatilia madoa ya Mshtarii kwa miaka mingi, akagundua nyotamkia tano kati ya mwaka 1881 na 1894, moja kati ya hizo akishirikiana jina na Mmarekani Barnard aliyeiona naye wakati mmoja. Wapo wanafalaki ambao sifa yao yote ni nyotamkia moja. Kwa Denning tano hizo zilikuwa kazi ya pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa vimondo, na hapa naomba msomaji anivumilie nieleze kwa utaratibu, kwa sababu bila kuielewa kazi hii huwezi kuelewa wala ushindi wake wala kosa lake.

Kimondo hudumu kwa sekunde moja au chini ya hapo. Ukiona, umeona, ukipepesa macho, kimekwenda. Mwangalizi anatakiwa akumbuke mambo matatu katika sekunde hiyo, yaani kilipoanzia, kilipoishia, na mstari uliounganisha sehemu hizo mbili. Jicho hukumbuka mwanzo na mwisho vibaya sana, lakini mstari hulikumbuka vizuri ikiwa utashikwa haraka, na hapo ndipo ufito unapoingia. Denning alikuwa na kijiti kilichonyooka, na mara tu kimondo kilipozimika alikiinua akakilaza juu ya njia ambayo kimondo kilipita, akakishikilia hapo, na kwa utulivu akatazama kinapita karibu na nyota zipi. Kisha akaihamishia njia hiyo kwenye tufe lililochorwa nyota na kuandika vipimo vyake. Nilipojaribu mwenyewe pale Pangani niligundua kwamba mara tano za kwanza mkono ulikuwa mzito na nilikwisha kusahau mstari kabla ufito haujafika. Baada ya nusu saa, mkono ulianza kwenda wenyewe.

Mistari hiyo inatafutiwa nini? Vimondo vya kundi moja husafiri angani sambamba, lakini kwa jicho la mtu aliye chini huonekana kutawanyika kutoka sehemu moja ya mbingu, kama vile reli mbili zinavyoonekana kukutana mbali ingawa hazikutani. Sehemu hiyo nitaiita kitovu. Ukirefusha mistari ya vimondo vya kundi moja kwa kurudi nyuma, yote hukutana kwenye kitovu, na ukishakijua kitovu na tarehe, umeshika mwanzo wa hesabu ya njia ambayo kundi hilo hupita kulizunguka Jua. Leonidi, Perseidi na Geminidi ni majina ya vitovu. Lakini hayo ni makundi makubwa ambayo hata mtoto atayaona. Denning alitaka madogo, yale yanayotoa kimondo kimoja kwa saa au pungufu, ambayo hakuna aliyekuwa na subira ya kuyaandama.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa, hata hivyo, ulitoka kwenye kundi kubwa. Katika miaka ya 1870, akitenganisha kumbukumbu zake za Perseidi usiku kwa usiku badala ya kuzirundika pamoja kama wengine walivyofanya, aliona kwamba kitovu hakikai mahali pamoja. Mwishoni mwa Julai kinakuwa upande wa kundinyota la Cassiopeia, kufikia kilele cha Agosti kiko katika kundinyota la Perseus, na baadaye kinasogea kuelekea Camelopardalis, takriban nyuzi moja kila siku. Sababu yake ni Dunia yenyewe. Fikiria dereva wa bodaboda katika mvua isiyo na upepo, ambaye matone yanayoshuka wima humpiga usoni kwa kuwa yeye ndiye anayeyafuata. Akianza kuzunguka kiplefti, kila anapokata kona mvua itaonekana kutoka upande mwingine, ingawa mvua haijabadilika hata kidogo. Dunia inazunguka kiplefti cha Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, na mwelekeo wake hubadilika karibu nyuzi moja kwa siku. Kwa hiyo kitovu lazima kisogee. Wenye hesabu walitarajia hivyo. Denning ndiye aliyekwenda nje akakiona kikisogea.

(Kwa wasomaji wa huku kwetu: Perseidi si vimondo vyetu sana. Kitovu chao kiko mbali kaskazini, na kutoka Tanga hakipandi hata theluthi moja ya kimo cha anga, kwa hiyo tunapata mabaki. Geminidi wa Desemba wanatupendelea zaidi, mradi mvua za vuli ziwe zimetuhurumia.)

Aliandika na kuendelea kuandika. Mwaka 1890 alichapisha orodha ya vitovu 918 alivyovipata kwa kuangalia mwenyewe pale Bristol. Mwaka 1899 ikafuata orodha kuu, iliyokusanya kazi yake na ya waangalizi wengine wa nchi mbalimbali, yenye vitovu zaidi ya 4,000. Mwaka mmoja kabla ya hapo Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ilikuwa imempa nishani yake ya dhahabu, na tayari mwaka 1895 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikuwa kimempa tuzo ya Valz. Mwaka huohuo wa 1898 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha riwaya yake maarufu kuhusu wakazi wa Mirihi kuivamia Uingereza, na pale chombo cha kwanza kinapoanguka kikidhaniwa kuwa kimondo, anayetajwa kwa jina kuwa ndiye mjuzi mkuu wa mambo hayo ni Denning, mtu halisi aliyekuwa hai ndani ya hadithi ya kubuni. Wells hakuhitaji kumtambulisha zaidi ya hapo.

Sasa nifike kwenye kosa.

Katika kupitia daftari zake, Denning aliona jambo la ajabu. Baadhi ya vitovu vidogo vilijitokeza mahali palepale angani mwezi baada ya mwezi. Havikusogea kama Perseidi, vilitulia. Aliviita vitovu tuli, akaanza kuviandikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1870, na kadiri leja yake ilivyonenepa ndivyo vilivyoongezeka. Tatizo ni kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa mwezi mmoja mwelekeo wa Dunia hugeuka nyuzi 30, na ili kitovu kisionekane kusogea, vimondo hivyo vingelazimika kuja kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba mwendo wa Dunia uwe si kitu, ilhali macho ya Denning mwenyewe yalimwonyesha kwamba havikuwa na kasi hiyo. Wanahisabati walimwambia. Yeye aliwajibu kwamba nadharia iseme inavyotaka, yeye ana kumbukumbu.

Alikuwa na rafiki wa kumsikiliza. Alexander Herschel, mjukuu wa yule Herschel aliyeigundua sayari ya Uranus, alizaliwa mwaka 1836 Afrika Kusini, wakati baba yake John Herschel alipokuwa akichunguza anga ya kusini kule Cape. Yeye na Denning waliandikiana barua kuhusu vimondo tangu mwaka 1871 hadi mwisho wa karne. Herschel alikuwa profesa mwenye hesabu, Denning alikuwa mtu wa nje na baridi, na katika barua hizo fumbo la vitovu tuli liligeuzwa huku na huku kwa miaka bila kupata jibu.

Jibu lilitoka Marekani, na halikuwa la kupendeza. Charles Olivier, kijana aliyeanzisha jumuiya ya vimondo ya nchi hiyo mwaka 1911, alichunguza namna vitovu vidogo vilivyopatikana na kuuliza swali ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angeuliza: stakabadhi hizi ni za tarehe gani? Kwa usiku wa kawaida mtu mmoja huona vimondo vichache tu kwa saa, na katika hivyo pengine kimoja au viwili ndivyo vya kundi dogo. Ili kupata mistari ya kutosha kuonyesha kitovu, Denning alichukua kimoja cha usiku huu, viwili vya keshokutwa, kimoja cha wiki ijayo, akavichanganya. Lakini ukichora mistari mingi ya kutosha kwenye ramani ya mbingu, mitatu au minne itakutana mahali fulani hata kama haihusiani hata chembe, na ukirudia zoezi hilo mwezi unaofuata, mahali palepale patakupa tena makutano kwa bahati tu, hasa kama tayari unapatazama ukipategemea. Olivier akaweka kanuni kwamba kitovu kisikubaliwe mpaka kiwe na vimondo visivyopungua vinne vya usiku mmoja. Kwa kanuni hiyo, sehemu kubwa ya zile hesabu za Bristol ilibaki bila vocha.

Mimi nililijaribu hili asubuhi ile pale Pangani, kwenye meza ya jikoni ya shangazi, huku yeye akikaanga maandazi na kuniuliza kama malaika wamekosa shabaha mara ngapi. Daftari langu lilikuwa na mistari thelathini na mmoja, bila kuhesabu vile vilivyonipita nikiwa nimeinama naandika. Ishirini na miwili ilirudi nyuma vizuri hadi karibu na nyota ya Castor, ambako Geminidi hutoka. Ikabaki tisa isiyo na mwenyewe. Nilichukua rula na penseli, na kabla chai haijapoa nilikwisha kupata sehemu tatu ambapo mistari mitatu mitatu ilikutana, kila moja safi kabisa, na kwa dakika kadhaa nilikuwa na hakika kwamba nimegundua makundi matatu mapya ya vimondo. Nilijua hoja ya Olivier, nilikuwa nimeisoma, na bado moyo ulinidunda. Nikamwelewa Denning kuliko nilivyowahi kumwelewa kwa kusoma.

Kama mhasibu nina neno langu hapa. Katika kazi yetu kuna mtu ambaye hawezi kutupa kitu. Kila senti lazima iwe na akaunti yake, na ile isiyo na akaunti humkosesha usingizi mpaka aipatie. Mtu huyu ni hazina kwa ofisi yoyote, na ndiye huyohuyo atakayekupatia urari unaokubaliana kila mwezi kwa sababu amehamisha ingizo la tarehe 3 likaziba pengo la tarehe 28. Haibi wala hadanganyi, ila hawezi kuvumilia kuona kitu kikibaki chenyewe. Vimondo vingi havina kundi. Ni vipande pweke vilivyokwisha kupotezana na nyotamkia iliyovizaa tangu zama zisizojulikana, na mahali pake halali ni katika safu ya mengineyo. Denning alikataa kuiacha safu hiyo ijae. Kinachonisumbua ni kwamba ugunduzi wake wa Perseidi ulitokana na kutenganisha siku, na kosa lake lilitokana na kuzichanganya, na alifanya yote mawili kwa mkono mmoja na daftari lilelile. Vitovu tuli aliendelea kuvitetea kwa miaka mingi.

Mwaka 1899 alikuwa mkurugenzi wa kitengo cha vimondo katika chama cha wanafalaki wa Uingereza, na kwa bahati mbaya huo ndio mwaka ambao Leonidi walitarajiwa kurudi kwa kishindo baada ya miaka 33. Magazeti yaliutangaza usiku huo kama harusi ya mfalme. Watu walikesha, na mvua haikunyesha. Wanasayansi Johnstone Stoney na Downing walikuwa wamekokotoa mapema kwamba Zohali na Mshtarii zimelivuta kundi hilo nje ya njia yake, lakini tahadhari ya namna hiyo haiuzi gazeti.

Afya yake haikustahimili. Miaka thelathini ya kusimama nje usiku wa baridi na unyevunyevu ilimdhoofisha, na mwanzoni mwa karne ya 20 aliacha karibu kabisa kazi ya darubini. Hakuoa. Kipato chake kilikuwa kidogo, na mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilimpa malipo ya pauni 150 kwa mwaka kwa kutambua utumishi wake katika falaki. Nimejaribu kuifikiria hali hiyo: mtu anayejulikana na wanafalaki wa Ulaya na Marekani, aliyetiwa hata kwenye riwaya, akikaa peke yake katika nyumba ya Bristol na kupangilia bajeti ya mkaa.

Lakini kimondo hakihitaji darubini, na hapa uzee wake ukawa na neema ambayo wenye vituo vikubwa hawakuwa nayo. Aligeuka kuwa sanduku la posta la taifa zima. Kilipopita kimondo kikubwa kinachomulika kama radi, watu wa miji mbalimbali walimwandikia au waliyaandikia magazeti, naye akazikusanya habari hizo na kuzilinganisha. Ukiwa na watu wawili walio mbalimbali, mmoja akisema kilipita juu ya nyota fulani na mwingine akisema kilipita chini yake, unaweza kukokotoa kilikuwa juu kiasi gani, na jibu kwa kawaida huwa kilomita mia moja hivi kinapowaka na pungufu ya hapo kinapozimika. Karibu kila shahidi huapa kwamba kimeangukia shamba la jirani. Sisi wenyewe lugha yetu inachangia kosa hilo, kwa kuwa neno kimondo tunalitumia kwa ule mwanga unaopita na pia kwa lile bonge la chuma lililolala Mbozi, lenye uzito wa tani zipatazo 16, ilhali kitu kinachong'aa angani usiku wa Geminidi mara nyingi ni punje isiyozidi ya mchanga. Kimondo cha Mbozi, ambacho wenyeji walikijua tangu zamani, kilianza kujulikana kwa wanasayansi wa nje mwaka 1930, mwaka mmoja kabla ya Denning kufa.

Tarehe 9 Februari 1913 msafara wa vimondo ulipita taratibu, kimoja baada ya kingine kama abiria katika foleni, kuanzia Kanada hadi juu ya Bahari ya Atlantiki. Profesa Chant wa Toronto ndiye aliyelichunguza tukio hilo kwa upande wa bara. Denning, akiwa mezani pake Bristol, alizitafuta habari za mabaharia, na taarifa za meli zilizokuwa kusini zaidi zikairefusha njia ya msafara ule kwa maelfu ya kilomita baharini.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 28 Juni 1916. Alikuwa na miaka 67, nchi ilikuwa vitani, na mwezi Juni ndio mwezi ambao waangalizi wa vimondo hulala, kwa kuwa usiku wa Uingereza ni mfupi na hakuna kundi kubwa linalotarajiwa. Denning alikuwa nje. Akaona vimondo vinavyokwenda polepole, vingi, vingine vyenye mwanga mkali, vyote vikitoka upande mmoja wa kaskazini ambako hapakuwa na kitovu kilichojulikana. Alivihusisha na nyotamkia ya Pons-Winnecke, ambayo ilikuwa imepita karibu na Jua mwaka uliotangulia, na alikuwa sahihi. Vimondo vya usiku mmoja, vingi, kitovu kimoja: hata Olivier asingeweza kumwekea alama nyekundu. Kundi hilo, linaloitwa sasa Bootidi wa Juni, lilinyamaza kwa miongo mingi kiasi kwamba wengi walilisahau, hadi mwishoni mwa Juni 1998 lilipolipuka tena bila kumtaarifu mtu.

Miaka minne baadaye, tarehe 20 Agosti 1920, alitazama kundinyota la Cygnus kwa macho matupu akaona nyota ambayo haikupaswa kuwapo. Ilikuwa nova, nyota hafifu iliyolipuka, na kwa siku chache zilizofuata ilizidi kung'aa hadi ikakaribia nyota kubwa za sehemu ile. Mtu yeyote katika nusu ya kaskazini ya dunia angeweza kuiona. Aliyeigundua ni mzee wa miaka 71 ambaye kwa miaka hamsini alikuwa akilaza kijiti chake juu ya nyota hizo, na kwa hiyo alizijua kama mwenye duka anavyojua rafu zake gizani.

Umoja wa kimataifa wa wanafalaki ulipounda tume ya vimondo, yeye alikuwa rais wake wa kwanza. Chuo Kikuu cha Bristol kilimpa shahada ya heshima mwaka 1927, akiwa na miaka 78. Alifariki tarehe 9 Juni 1931, katika mji uleule.

Ile nyotamkia ya kwanza aliyoigundua, ya tarehe 4 Oktoba 1881, ilikokotolewa kuwa na mzunguko wa karibu miaka tisa. Ilipaswa kurudi karibu mwaka 1890, haikuonekana. Haikuonekana tena mara iliyofuata, wala iliyofuata, na Denning alizeeka na kufa ikiwa imeandikwa katika orodha ya zilizopotea. Tarehe 9 Oktoba 1978, Shigehisa Fujikawa wa Japani, naye pia mwangalizi asiye wa kulipwa, aliona doa la ukungu angani kabla ya alfajiri, na wakokotozi walipolifuatilia nyuma walikuta ni ileile, iliyokuwa imezunguka Jua mara kumi na moja bila kuandikwa na mtu. Siku hizi inaitwa Denning-Fujikawa.